Tabora hadi Kigoma na kurudi: daftari la dizeli

Jumapili jioni, Tabora

Mwezi uliopita nilimkata dereva wangu shilingi laki moja na elfu ishirini. Hesabu niliyoitumia ilikuwa fupi. Aliyeniuzia Fuso hili aliniambia linakwenda kilomita 6 kwa lita. Tabora hadi Kigoma na kurudi, mita ilisoma kilomita 820. Ukigawa kwa 6 unapata lita 137, lakini risiti za sheli zilikuwa za lita 180. Lita 43 zimekwenda wapi? Kila mwenye gari hapa mjini ana jibu la swali hilo tayari: zimenyonywa kwa mpira usiku, zimeuzwa kwenye madumu njiani. Na mimi nikaamini.

Mzee hakugomba. Alisaini kwenye daftari, akakunja mshahara wake uliopungua, akasema, "Mama, siku moja panda gari, uje uone."

Neno hilo limenikaa rohoni wiki tatu. Mzee huyu ni rika la baba yangu mdogo. Alikuwa anabeba tumbaku ya Urambo mimi bado niko shule. Na mimi fizikia niliisoma hadi kidato cha sita kabla biashara ya mchele haijanichukua, najua tofauti ya kupima na kugawa. Nilichofanya mwezi uliopita ni kugawa tu. Namba yenyewe nilipewa mdomoni na mtu aliyetaka kuuza gari.

Kesho napanda.

Jumatatu, Tabora hadi Kaliua

Saa kumi na moja alfajiri niko uani. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mama. Kweli umekuja." Utingo wake, ambaye ni mpwa wake, alikuwa anakaza kamba. Magunia 90 ya mchele, kila moja kilo 100, yote yamepita kwenye mizani ya ghala mbele yangu, hakuna lumbesa. Hiyo ni tani 9. Gari tupu lina tani 6 na kilo 400. Kwa hiyo tunatembeza tani 15 na kilo 400.

Kabla ya sheli, Mzee alitaka tupite kwa fundi wa matairi. Nilidhani anapoteza muda. Fundi alipoweka geji, tairi nne zilisoma 100 na kitu, lakini mbili za nyuma kushoto zilikuwa na 70. Kwa macho hujui, maana tairi pacha huficha: moja ikilegea, mwenzake anabeba. Mzee akanishika mkono, akauweka kwenye ubavu wa tairi. "Likitoka hapa hivi hivi, tukifika Usoke ukiligusa litakuunguza." Na ule moto unatoka kwenye tangi, hakuna kwingine. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea na kurudi kila mzunguko, na kila mbonyeo unakula kidogo ya nguvu ya injini unaigeuza joto. Tukajaza zote sita. Shilingi elfu chache tu.

Sheli ndipo nilipojifunza jambo ambalo wenye magari wengi hatulijui, nalo limeleta ugomvi mwingi sana. Dizeli ina povu. Muuza mafuta akibonya kwa nguvu, povu linapanda hadi mdomoni, pampu inakata, mnasema limejaa. Halijajaa. Tulingoja povu likae, akaongeza taratibu, likapanda tena, tukangoja. Utingo alipanda kwenye bodi akawa anasukuma huku na huku gari litikisike, hewa iliyojibana pembeni mwa tangi ikatoka kwa sauti kama mtu anayemeza maji. Tuliingiza lita nyingine 7 baada ya pampu kukata mara ya kwanza. Lita 7! Ukijaza haraka haraka safari ya kwenda na ukajaza hivi safari ya kurudi, umeshamfanya mtu mwizi kwenye karatasi. Tukakubaliana kuanzia leo: tangi hujazwa gari likiwa mahali tambarare, hadi kwenye mstari nilioukwaruza kwa msumari ndani ya shingo ya tangi.

Mzee akauliza niendesheweje. Nikamwambia, kama siku zote. Akaingia barabarani, akapandisha gia moja moja, mshale ukasimama kwenye 80. Ndiyo mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwa gari zito, na ndio mwendo wake. Usoke tumepita mapema, Urambo tumefika bado mapema. Lakini kwenye vijiji kuna vibao vya 50 na matuta, na hapo nilianza kuhesabu kwa kalamu. Kila tuta, 80 inashuka hadi karibu na sifuri, halafu injini inaanza upya kuvuta tani 15. Gari la uzito huu likiwa kwenye 80 limebeba ndani yake megajuli karibu 4 za nishati ya mwendo. Breki inazigeuza zote kuwa joto la ngoma za breki, basi, zimepotea. Kuzirudisha, injini inachoma dizeli ya kama theluthi ya lita. Ujazo wa karibu chupa ya soda. Kila tuta, chupa ya soda ya dizeli inamwagwa chini. Nilihesabu matuta ya kutusimamisha kabisa tisa kabla ya Kaliua.

Kaliua tukajaza hadi kwenye mkwaruzo: kilomita 121, lita 29. Hiyo ni kilomita 4.2 kwa lita. Mimi mwenyewe nimekaa juu ya gari, sijaona mpira wala dumu.

Tulikula wali na maharage kwa mamantilie karibu na stesheni. Mzee hakusema lolote kuhusu namba ile. Alikula tu.

Jumatatu mchana, Kaliua hadi Nguruka

Hapa nikaomba jambo: twende 60. Mzee alicheka kidogo kwa fadhili. "Mama, mabasi yatatupigia honi hadi tuchoke." Yakatupigia. Lakini nataka nieleze nilichokisikia, maana hiki ndicho kilichonifungua akili kuliko hesabu yoyote.

Turubai letu lina kona moja ya nyuma iliyolegea kamba. Asubuhi, kwenye 80, kona ile ilikuwa inapiga kama bunduki za sherehe, tap tap tap tap bila kupumzika, ndani ya kabini tunaongea kwa kupaza sauti. Kwenye 60 ikawa inapepea tu. Nilimsikia utingo anaimba nyuma yangu, nikagundua alikuwa anaimba tangu alfajiri. Ule mlio ni upepo unaovunjwa na gari, na anayelipa kuuvunja ni injini. Sheria yake haina huruma. Mwendo ukiongezeka kutoka 60 hadi 80, umeongeza theluthi moja tu. Nguvu ambayo upepo unakurudisha nayo nyuma inaongezeka karibu asilimia 80, kwa sababu inakwenda kwa mraba wa mwendo. Na pua ya Fuso siyo pua ya ndege. Ni ukuta unaokwenda.

Uzito wenyewe hauna tabia hiyo. Tairi zikibeba tani 15 zinabonyea kwenye lami kwa kiasi kile kile karibu, uende 60 au 80. Nilipiga hesabu kwenye goti: kwa mzigo wetu, kwenye 60, theluthi mbili ya kazi ya injini inaishia kwenye matairi na theluthi moja kwenye upepo. Kwenye 80 zinakaribiana nusu kwa nusu. Ndiyo maana jibu la "gari linakula kiasi gani" bila kusema mzigo gani na mwendo gani ni jibu tupu. Aliyeniuzia gari hakunidanganya pengine. Pengine alikuwa analiendesha tupu, polepole.

Kitu kingine: Mzee kwenye 60 alibadilika mguu. Anaona kibao cha 50 kwa mbali, anaondoa mguu kwenye pedali ya mafuta mita 300 kabla, anaacha gari lijikokote likiwa ndani ya gia hadi kwenye tuta. Breki anaigusa tu. Nikamuuliza kwa nini haweki nyutro kama vijana wengi wanavyofanya mteremkoni wakidai wanabana mafuta. Akanijibu kwa ukali kidogo, na nilimpenda kwa ukali ule: "Nyutro inaua watu." Nikaongeza kichwani sababu ya pili: gari likisukuma injini likiwa ndani ya gia na mguu umetoka, pampu inakata dizeli. Kwenye nyutro injini inabidi ijilishe yenyewe isizime. Kwa hiyo nyutro inaua na haibani chochote.

Nguruka: kilomita 98, lita 18. Kilomita 5.4 kwa lita. Barabara siyo ile ile ya asubuhi, najua, na vijiji huku ni vichache. Lakini kwa mwendo wa asubuhi kipande hiki kingekula lita 23. Tumechelewa kama dakika 25.

Jioni reli ilikuwa karibu nasi. Treni ya mizigo ilipita kuelekea magharibi, ndefu, polepole, nikaitazama hadi mwisho. Chuma juu ya chuma hakibonyei kama mpira juu ya lami, kwa hiyo kila tani ya gari moshi inahitaji sehemu ndogo tu ya nguvu inayohitaji tani yangu. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914. Waliokuwa wanabeba mizigo kichwani njia hii kabla yake, mababu zetu Wanyamwezi, wangeielewa hesabu ya uzito bila karatasi.

Jumanne, Nguruka hadi Uvinza

Siku mbaya kwa daftari. Magunia 10 yalikuwa ya mteja wa kijijini, kilomita 12 ndani ya pori kwa njia ya vumbi na mchanga. Gia ya pili, ya tatu, ya pili tena. Kwenye mchanga tairi halibonyei peke yake, linachimba, kila wakati linapanda kutoka kwenye shimo lake lenyewe. Mshale wa mafuta ulionekana kutembea kwa macho.

Mteja hakuwepo. Tukangoja saa tatu. Dakika kama 40 za mwanzo injini ilikuwa inaunguruma, kwa sababu betri imechoka na Mzee aliogopa akizima haitawaka porini. Injini ya ukubwa huu ikisimama inaunguruma tu hunywa kati ya lita moja na mbili kwa saa, na kilomita zinabaki zile zile. Hili ni kosa langu. Betri aliiomba mwezi wa pili, nikamwambia isubiri.

Tuliporudi barabarani, kwenye mlima wa kwanza, niliona kwenye kioo cha pembeni moshi mweusi. Mzee akasema, "Filta hiyo. Imekula vumbi." Hakuwa na haja ya kuelezwa: injini inatafuta pumzi haipati. Dizeli inapigwa ndani kama kawaida, lakini hewa ya kuichoma haitoshi, sehemu yake inatoka kwenye silensa ikiwa masizi. Ule weusi ni dizeli niliyoilipia.

Tulivuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete jua likiwa limeinama, mto umetanda kwenye majani, ndege weupe wamejipanga. Sikuandika namba yoyote kwa muda.

Uvinza, mahali pa chumvi tangu enzi za mababu, tulipata fundi. Alitoa filta ya hewa, akaigonga chini kwenye bati. Vumbi jekundu lililotoka lingejaza kikombe. Akaipuliza kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje, akasema hii imekufa, Kigoma nunueni mpya. Wakati injini bado ina moto nilisimama mbele ya rejeta, kisha nyuma kwenye silensa, sehemu zote mbili joto linakufukuza. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kuhusu injini. Lita ya dizeli ina megajuli 36 hivi. Kwenye gari kama hili, kinachofika kwenye matairi ni theluthi moja na kidogo. Zilizobaki zinatoka mbele kwa rejeta na nyuma kwa silensa. Kwa hiyo filta, nozeli, klachi inayoteleza, oili iliyozeeka, vyote vinagombania theluthi ile ile moja.

Jumatano, Uvinza hadi Kigoma

Vilima. Baada ya Kazuramimba tulianza kukutana na waendesha baiskeli waliobeba mikungu ya ndizi, wengine madumu ya mawese, mawili mawili kila upande. Mlimani wanashuka, wanasukuma wameinamia usukani, jasho linadondoka. Tambarare wanapanda. Mteremkoni wanapita kama risasi. Kwa mwendo wao upepo si adui. Adui wao ni uzito, na uzito unadai deni lake mlimani. Mimi pia: kuinua gari letu na mzigo wake mita 100 kwenda juu kunataka dizeli ya zaidi ya lita moja, hata ukiwa na dereva bora kuliko wote. Ukishuka ile ng'ambo unarudishiwa mwendo, lakini ukiukanyagia breki umeutupa.

Mzee mlimani hakusubiri gari life ndipo abadilishe gia. Alishusha mapema, injini ikabaki kwenye mzunguko inaoupenda, haipigi kelele wala haigongi. Anaijua kwa sikio. Geji ya mizunguko ya Fuso hili ilikufa kabla sijalinunua.

Tukaingia Kigoma mchana, ziwa likajitokeza chini kama bati jipya. Tambarare ya Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko kwenye 773. Kwa hiyo tumeshuka mita 400 na zaidi. Nimeliandika hili kwa wino mwekundu, kwa sababu wakati wa kurudi tutalilipa.

Sheli ya Mwanga: kilomita 214 pamoja na zile 24 za vumbi, lita 48. Hatukufika hata kilomita 4.5 kwa lita, ingawa kwenye lami tulikuwa tunakwenda 60. Mchanga, mteja, betri, filta.

Alhamisi, Kigoma na Ujiji

Tumeshusha mchele, tumenunua filta mpya na betri. Mzigo wa kurudi ni dagaa wakavu, nimewanunua Kibirizi na Ujiji.

Mchana, wakati magunia yanashonwa, utingo alitaka kuona bandari. Tukaongea habari za Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na wenyewe Wajerumani 1916, ikaibuliwa na Waingereza 1924 na kurudi kazini 1927. Ilizaliwa na injini za mvuke. Miaka ya 1970 wakaitoa mvuke, wakaiwekea dizeli. Kijana akauliza kwa nini wahangaike. Nikamwambia: Rudolf Diesel alipopima injini yake Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, ilitoa kazi zaidi ya robo ya nguvu iliyokuwa ndani ya mafuta, wakati ambapo mashine nyingi za mvuke zilikuwa zinahangaika na sehemu moja ya kumi. Siri yake ni kubana hewa sana hadi iwe na moto wa kuwasha mafuta yenyewe, bila plagi. Ndiyo maana dizeli inabeba mizigo ya nchi hii. "Kwa hiyo mjomba anaendesha kitu cha maana," akasema. Ndiyo, anaendesha kitu cha maana.

Ijumaa, Kigoma hadi Nguruka

Dagaa ni wepesi lakini wanajaza. Tani 3 na kilo 600 tu, na bado magunia yamepanda juu ya kabini zaidi ya nusu mita. Nilisimama kando nikaona gari limekuwa refu kama nyumba. Kichwani nilikuwa na furaha: uzito wote sasa ni tani 10, tutabana mafuta hadi tushangae.

Tulipanda kutoka ziwani kwa 60, moshi safi, filta mpya. Uvinza hatukusimama. Nguruka tukajaza: kilomita 190, lita 34. Kilomita 5.6 kwa lita, pamoja na kupanda. Nilitarajia zaidi. Mzee alitazama mzigo juu, akatazama turubai, akasema tu, "Upepo, mama."

Jumamosi, Nguruka hadi Tabora

Alfajiri wingu zito lilikuwa kusini. Dagaa wakiloa wamekwisha. Turubai lina matobo mawili. Nikamwambia Mzee akimbie, akaweka 80.

Kaliua tukajaza hadi kwenye mkwaruzo. Kilomita 98 zile zile. Lita 22.

Nilirudia kusoma pampu. Kipande kile kile cha barabara, Jumatatu, tukiwa na tani 15 na kilo 400 kwa 60, kilikula lita 18. Leo kimekula lita 22 tukiwa na tani 10. Gari jepesi kwa theluthi nzima limekula zaidi ya gari zito, kwa sababu ya kilomita 20 za mwendo na nusu mita ya magunia juu ya kabini. Tunapanda kurudi Tabora, ndiyo, lakini mpando wa kipande hiki hauwezi kulipia hata nusu ya tofauti ile. Nilikaa kwenye ngazi ya kabini na daftari.

Mzee akaja akasimama pembeni yangu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alizungumza juu ya ile laki moja na elfu ishirini, na hakuzungumza juu ya fedha. "Mama, safari ile ulinipigia simu mara nne. Kaliua, Nguruka, Uvinza, halafu Kigoma. Kila mara unaniambia mteja anasubiri, wahi. Nikawahi."

Nakumbuka simu zile zote. Nilimwomba radhi palepale, mbele ya mpwa wake.

Mvua haikutufuata. Kaliua hadi Tabora tukaenda 60, Mzee akiondoa mguu mapema kwenye kila kibao. Kilomita 121, lita 20. Jumatatu tukishuka njia hiyo hiyo tulichoma 29.

Jumamosi usiku, Tabora

Jumla: kilomita 842, lita 171. Chini kidogo ya kilomita 5 kwa lita, nikiwa nimekaa humo ndani muda wote, na zaidi ya nusu ya safari tukiwa kwenye 60. Safari ya mwezi uliopita ilikuwa kilomita 820 kwa 80, mzigo uleule, tairi pacha bila shaka zimelegea tayari, filta hatujui ina vumbi la mwaka gani. Lita 180. Hakuna lita hata moja iliyopotea mle.

Nimemhesabia Mzee laki moja na elfu ishirini mkononi. Amezihesabu tena taratibu, akatoa elfu kumi akampa mpwa wake, zilizobaki akaziweka mfuko wa shati. Halafu nikafungua jalada la daftari, pale nilipoandika "km 6" siku niliyolinunua gari, nikaikata kwa mstari. Chini yake nimeandika: tani 9 kwa 60, tambarare, 5.4. Tani 9 kwa 80, na matuta, 4.2. Dagaa wa juu kwa 80, 4.5. Dagaa wa juu kwa 60, 6. Vumbi na mchanga, peke yake, hatujapima. Safari ijayo tujaze kabla ya kuingia na baada ya kutoka.

Nimempa Mzee kalamu. Amesoma mstari kwa mstari, akaongeza kwa mwandiko wake "upepo wa tairi upimwe kila safari", kisha akasaini.